EDITH CAVELL, MWUGUZI ALIYECHELEWA KUANZA



Kila mwaka Examen d'État ikikaribia, wafinalisti wetu wanaulizana swali moja: ukipata diploma, utaenda wapi? Huyu anasema Droit. Huyu anasema Médecine kule Graben. Mwingine anataka Polytechnique, hata kama hesabu zinamshinda tangu zamani. Halafu mmoja anasema kwa sauti ya chini kwamba yeye ataomba nafasi katika ISTM, asome uuguzi. Wenzake wanacheka. Wanamwambia kwamba uuguzi ni kazi ya yule aliyekosa nafasi ya udaktari, kazi ya kuosha vidonda na kumwaga uchafu wa wagonjwa.

Tena kuna wengine ambao hawacheki, lakini wana woga. Walipata diploma zamani, wamefundisha shule ya msingi miaka mitatu ao mine, na sasa roho inawavuta kwenda kusoma uuguzi. Wanaona nafasi ni chache na dossier ni nyingi. Wanaona kwamba watakaa pamoja na watoto wa miaka kumi na nane. Basi wanawaza kwamba wakati wao umekwisha kupita.

Kwa ajili ya hao wote tumechagua mara hii maisha ya Edith Cavell. Watu wengi wanalijua jina lake juu ya namna alivyokufa. Sisi tunataka kwanza kuona namna alivyoingia katika kazi, maana mlango ule haukuwa mwepesi, na aliufikia akiwa mtu mzima. Tena anatuhusu sisi Wakongomani kuliko tunavyowaza. Mpango wetu wa masomo ya uuguzi, pamoja na A2 na A1 zake, tuliupokea kutoka Ubelgiji. Na mojawapo ya shule za kwanza zilizowafundisha Wabelgiji uuguzi wa kisasa, mkuu wake wa kwanza alikuwa mama huyu.

UTOTO WAKE

Edith Louisa Cavell alizaliwa tarehe 4 Desemba 1865 katika kijiji cha Swardeston, karibu na mji wa Norwich, mashariki ya Uingereza. Baba yake, Frederick Cavell, alikuwa mchungaji wa kijiji hicho kwa zaidi ya miaka arobaini. Edith alikuwa mkubwa wa watoto wanne, wasichana watatu na mvulana mmoja. Nyumba yao ilikuwa kubwa lakini feza ilikuwa kidogo. Hata hivyo, siku ya Mungu, mbele ya familia kukaa mezani, sehemu ya chakula ilipelekwa kwanza kwa maskini wa kijiji. Mtoto anayeona jambo hilo kila juma hasahau.

Edith alijua kuchora vizuri. Kanisa la baba yake lilipokosa chumba cha kufundishia watoto wa shule ya Jumapili, yeye na ndugu yake walichora kadi ndogo, wakaziuza, na feza yake ikasaidia kujenga chumba kile. Hapo tayari tunaona tabia yake: hakupenda kulalamika, alitafuta kitu cha kufanya kwa mikono.

Alisoma nyumbani, kisha katika shule mbalimbali za wasichana. Katika shule ya mwisho, mjini Peterborough, alijifunza Kifaransa vizuri na akasaidia kufundisha wadogo. Mushike neno hili la Kifaransa, maana baadaye ndicho kilichomfungulia mlango mkubwa. Wakati wa kujifunza, mwanafunzi hajui somo gani litamsaidia kesho.

MWALIMU WA WATOTO WA WATU

Siku zile msichana mwenye elimu aliyehitaji kujipatia chakula hakuwa na njia nyingi. Edith alikuwa mwalimu wa nyumbani, yaani alikaa katika nyumba za watu na kufundisha watoto wao. Alianza hivyo Uingereza, na mwaka wa 1890 mkuu wa shule yake ya zamani alimshuhudia kwa familia moja ya Bruxelles. Alikaa kwao miaka mitano. Kifaransa chake kikawa imara kabisa.

Mbele ya kwenda Bruxelles alikuwa ameachiwa urisi kidogo, akautumia kwa kusafiri Austria na kusini ya Ujerumani. Kule aliona hospitali ndogo ambapo maskini walitunzwa bila kulipa, akawaachia sehemu ya feza yake. Jambo lile lilikaa moyoni. Lakini hakuacha kazi yake mara moja. Aliendelea kufundisha watoto wa watu.

Mwaka wa 1895 habari ilifika kwamba baba yake ni mgonjwa sana. Edith alirudi Swardeston, akamtunza mpaka akapona. Wengi wetu tumekwisha kulala katika hospitali pamoja na mzazi, tukipika inje, tukifua nguo, tukihesabu matone ya serum usiku. Wengine wakitoka pale wanasema: sitaki kuona hospitali tena. Edith yeye alitoka kitandani mwa baba yake na wazo lililokomaa. Alitaka kuwa mwuguzi. Alikuwa karibu kutimiza miaka 30.

KUOMBA NAFASI

Msiwaze kwamba wakati ule mtu aliingia tu. Mbele ya Florence Nightingale kufungua shule yake London mwaka wa 1860, mwuguzi katika Uingereza alihesabiwa sawa na mtumishi wa nyumba, na mara nyingi alisemwa vibaya. Lakini kufikia 1895 mambo yalikuwa yamegeuka. Hospitali kubwa zilikuwa na shule, na wasichana wenye elimu walizikimbilia. Mwenye kuomba aliandika barua, akajaza fomu, akataja watu wa kushuhudia tabia yake, akafika mbele ya mkuu wa wauguzi kutazamwa na kuulizwa. Aliyekubaliwa alikuwa bado mtu wa kujaribiwa tu. Angeweza kurudishwa nyumbani kama hakufaa.

Edith aliandika kwanza kwa hospitali moja ya wagonjwa wa homa za kuambukiza, kule Tooting, kusini ya London. Katika barua yake hakujipamba. Alisema wazi kwamba hajasoma uuguzi katika hospitali yo yote wala hajafanya kazi ya uuguzi mahali po pote. Mtu mwingine angeongeza maneno, angefanya ile miezi ya kumtunza baba kuwa kazi ya hospitali. Yeye aliandika kile kilichokuwa kweli, akapokelewa hivyo hivyo. Alifanya kazi pale miezi michache, akaona kama anaweza kuvumilia harufu, kilio na usiku. Kisha ndipo akaomba nafasi ya kusoma katika London Hospital, hospitali kubwa katika mitaa ya maskini ya mashariki ya London. Alikubaliwa, akaanza mwezi wa Septemba 1896. Wakati huo wasichana aliowafundisha kule Bruxelles walikuwa wakikua kuwa wanawake, na yeye alirudi kuwa mwanafunzi.

Ndugu yangu uliyefundisha miaka mine na unaona haya kurudi kukaa kwenye banc, tazama jambo hili vizuri. Miaka yake ya ualimu haikupotea. Alijua kuwafasiria watu mambo, alijua Kifaransa, alijua kukaa katika nyumba ya wengine bila ugomvi. Yote aliyatumia.

RIPOTI AMBAYO HAIKUMSIFU

Mkuu wa wauguzi wa London Hospital alikuwa Eva Lückes, mama mkali aliyeongoza kazi hiyo tangu 1880. Wanafunzi wapya walipita kwanza katika nyumba ya matayarisho kwa muda wa wiki chache, wakijifunza mwili wa mtu, usafi, kufunga vidonda na kupika chakula cha mgonjwa. Kisha waliingia katika vyumba vya wagonjwa. Kazi ilianza saa moja ya asubuhi, ikaisha saa tatu ya usiku, na wakati wa kula ulikuwa mfupi.

Mwaka wa 1897, mbele hajamaliza masomo, homa ya tifoide ilipiga mji wa Maidstone. Maji ya mji yalikuwa yamechafuka. Watu zaidi ya 1,700 walishikwa na ugonjwa, na 132 walikufa. London Hospital ilituma wauguzi, na Edith alikuwa mmoja wao. Mji ule uliwapa wauguzi wake medali. Ndiyo medali moja tu ambayo Edith alipokea katika nchi yake akiwa hai.

Basi mutawaza kwamba mkuu wake alimwandikia ripoti ya kumsifu. Hapana. Eva Lückes aliandika kwamba Edith ana uwezo wa kutosha wakati anapotaka kujitahidi, lakini hafiki kwa saa, na hakuwa mwuguzi wa kupita wenzake. Kwa maneno ya masomo yetu, alipata Satisfaction, si Distinction.

Tunaandika jambo hili si kwa kumpunguza. Tunaliandika kwa sababu wengi wetu, tukipata bulletin yenye asilimia 54, tunaona kwamba Mungu amekwisha kutuhukumu. Ripoti ya Edith ilikuwa ya kweli kwa siku ile iliyoandikwa. Yeye ndiye aliyekwenda kuibadilisha, na alitumia miaka. Kuanzia 1899 alisimamia kazi ya usiku katika hospitali ya maskini ya St Pancras. Mwaka wa 1903 alikuwa msaidizi wa mkuu wa wauguzi kule Shoreditch, na pale alianza desturi ya kuwafuata nyumbani wagonjwa waliotoka, kuona kama wanaendelea vizuri. Mwaka wa 1906 alikwenda Manchester, akafanya kazi na wauguzi waliozunguka katika nyumba za maskini. Hakuna gazeti lililoandika habari zake. Ilikuwa kazi tu, kila siku, miaka kumi na zaidi tangu alipoingia.

SHULE YA BRUXELLES

Katika Bruxelles kulikuwa na mpasuaji mmoja mashuhuri, Dokta Antoine Depage. Alikuwa anaona mgonjwa anapasuliwa vizuri, kisha anakufa juu ya kutunzwa vibaya. Siku zile wagonjwa wa Ubelgiji walitunzwa zaidi na masista. Walikuwa na moyo wa huruma, lakini wengi hawakuwa wamefundishwa elimu mpya ya vijidudu na usafi wa vyombo. Depage akataka shule ya wauguzi wenye diploma. Alihitaji mwanamke aliyesoma Uingereza, mwenye uzoefu, na mwenye kujua Kifaransa. Familia ile ambayo Edith aliwafundishia watoto wakamtaja. Kumbe mlango wa mwaka wa 1907 ulikuwa umefunguliwa na kazi ndogo ya mwaka wa 1890!

Shule ilifunguliwa mwezi wa Oktoba 1907, katika nyumba za kawaida zilizoshikamana, rue de la Culture. Wanafunzi wa kwanza hawakupita watano. Leo tunasikia kwamba nafasi hazitoshi kwa wanaoomba. Edith yeye alianza na taabu nyingine, nafasi zilikuwako, waombaji hawakuwako. Wazazi wa familia za heshima katika Bruxelles walisema kwamba msichana anayefanya kazi ya mshahara, tena kazi ya kugusa miili ya wagonjwa, anapoteza heshima ya ukoo. Hapa kwetu pia wako wazazi wanaosema maneno ya namna ile kwa binti zao, na zaidi kwa wana wao.

Inasimuliwa kwamba maneno yale yalipungua siku Malkia Elisabeth wa Ubelgiji alipovunjika mkono. Hakuita mtu mwingine, alituma watu kuomba mwuguzi wa shule ya Edith. Tangu siku ile hakuna aliyeweza kusema kwamba kazi ile ni aibu. Ikifika 1912, shule ilikuwa inatoa wauguzi kwa hospitali tatu, shule za mji 24 na shule za watoto wadogo 13.

Na ule ugonjwa wake wa kutofika kwa saa? Wanafunzi wake walikumbuka kwamba asubuhi, wakati wa kula, Edith aliweka saa yake mezani. Msichana aliyechelewa zaidi ya dakika mbili alipewa saa mbili za kazi ya zaidi. Mwalimu anayejua udhaifu fulani kwa sababu ulikuwa wake mwenyewe, ndiye anayejua kuuponya kwa wengine.

VITA

Mwezi wa Agosti 1914 vita ilipoanza, Edith alikuwa Norfolk, amekwenda kumwona mama yake mjane. Angeweza kubaki kule salama. Aliposikia habari, alirudi Bruxelles, akisema kwamba sasa ndipo atahitajiwa zaidi. Tarehe 20 Agosti majeshi ya Ujerumani yaliingia Bruxelles. Nyumba ya shule ikawa hospitali chini ya alama ya Msalaba Mwekundu. Edith aliwaagiza wauguzi wake kwamba kila majeruhi atunzwe, Mbelgiji ao Mjerumani, maana kila mmoja ni baba ao mume ao mtoto wa mtu.

Vita ile ilifika hata huku kwetu. Askari wa Force Publique walivuka kupigana na Wajerumani mpaka Tabora mwaka wa 1916, na wapagazi wengi wa Kivu walibeba mizigo yao, wengi hawakurudi.

Mwezi wa Novemba 1914, askari wawili Waingereza waliopotea nyuma ya majeshi walifikishwa mlangoni pa Edith. Sheria ya Wajerumani ilikuwa wazi: mwenye kuwaficha anaweza kuuawa. Edith aliwaingiza. Baada yao walifika wengine, Waingereza, Wafaransa na Wabelgiji. Watu wengi walishirikiana katika kazi hiyo: Prince Réginald de Croÿ na dada yake Marie, mwalimu Louise Thuliez, fundi wa kuchora nyumba Philippe Baucq, na wengine. Waliwapa watu wale vitambulisho vya uongo na viongozi wa njia mpaka Uholanzi, nchi ambayo haikuwa katika vita. Wanaume wapata 200 walipita kwa mkono wa Edith.

Hapa lazima tuseme ukweli. Watu wamebishana juu ya jambo hili tangu siku zile. Wengine walisema kwamba mwuguzi aliye chini ya Msalaba Mwekundu hakupaswa kuficha askari. Wengine walisema kwamba kumwacha mtu auawe mlangoni pako haiwezi kuwa kazi ya mwuguzi. Edith mwenyewe alichagua, na alijua bei yake.

HUKUMU

Alikamatwa tarehe 5 Agosti 1915, akafungwa katika gereza la Saint-Gilles. Alipoulizwa alisema ukweli juu ya kile alichokifanya. Mwezi wa Oktoba watu 35 walisimamishwa mbele ya baraza la kijeshi kwa siku mbili, tarehe 7 na 8. Mbele ya waamuzi pia Edith hakukana. Alikubali kwamba aliwasaidia askari, na kwamba wengine walimwandikia kutoka Uingereza kumwambia wamefika. Neno lile lilizidisha hatia yake. Yule aliyekataa kusema uongo katika barua ya kuomba nafasi, alikataa pia kusema uongo ili aokoe maisha yake.

Watano walihukumiwa kufa. Wajumbe wa Marekani na wa Hispania katika Bruxelles walikwenda usiku kuwasihi wakubwa wa Kijerumani, lakini hawakusikilizwa. Usiku ule wa mwisho mchungaji Stirling Gahan aliingia gerezani, wakashiriki Meza ya Bwana pamoja. Edith alimwambia jambo ambalo limekumbukwa mpaka leo: kwamba akisimama mbele ya Mungu anaona kuipenda nchi yake tu haitoshi, anapaswa asimchukie mtu ye yote. Asubuhi ya tarehe 12 Oktoba 1915, yeye na Philippe Baucq walipigwa risasi katika uwanja wa Tir National. Alikuwa na miaka 49.

Mwaka ule ule, tarehe 7 Mei, Marie Depage, mke wa Dokta Depage, alikuwa amekufa baharini katika meli Lusitania, akirudi kutoka Marekani alikokwenda kutafuta feza kwa ajili ya majeruhi. Shule ile ilipoteza mama wawili kwa miezi mitano. Lakini haikufungwa. Jengo jipya ambalo Edith alikuwa analitayarisha kule Uccle lilimalizika, na njia ya pale inaitwa kwa jina lake. Vita ilipokwisha, mwezi wa Mei 1919, mwili wake ulirudishwa Uingereza, ukazikwa Norwich, karibu na kijiji chake. Wazazi katika nchi mbalimbali waliwaita binti zao Edith. Mmoja aliyezaliwa Paris mwezi wa Desemba 1915 alikuwa mwimbaji mashuhuri, Édith Piaf.

NA SISI HUKU?

Ndugu msomaji, usiwaze kwamba hizi ni habari za Wazungu wa zamani tu. Oicha ni karibu. Dokta Carl Becker, Mmarekani aliyefika Kongo mwaka wa 1929, alifanya pale kazi kubwa ya wenye ukoma, na hakuifanya peke yake: aliwafundisha wauguzi wa hapa hapa. Baada ya maasi ya 1964 misioni za Kiprotestanti ziliungana kujenga kituo cha Nyankunde, hospitali pamoja na shule ya wauguzi. Mwezi wa Septemba 2002 Nyankunde ilishambuliwa, watu wengi wakauawa, hata wagonjwa vitandani. Waliookoka walitembea siku nyingi kwa miguu mpaka Oicha, na wauguzi walikuwa kati yao, wakisaidia wagonjwa njiani.

Tena sisi wenyewe tunakumbuka Ebola. Kutoka Agosti 2018 hadi Juni 2020, katika Beni, Mabalako, Butembo, Katwa na kwingineko, watu 2,287 walikufa. Wauguzi walikufa pamoja nao. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya kutunza wagonjwa wa Ebola vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na hata baada ya hapo bado kulikuwa na watu waliovaa tena zile nguo nzito na kuingia kwa wagonjwa. Hawakuuliza huyu ni wa kabila gani, ao ni nani jana alitupa mawe.

Kwa hiyo, wewe unayetayarisha dossier, sikiliza maneno matatu.

La kwanza, andika kile kilicho kweli. Usibadilishe pointi, usikodi jina la mtu wa kukushuhudia asiyekujua. Mwuguzi anayedanganya katika dossier atadanganya kesho katika fiche ya mgonjwa, ataandika kwamba sindano imetolewa na kumbe haikutolewa. Hapo mtu anakufa.

La pili, kabla hujaomba, nenda ukaone. Edith alianza na hospitali ya homa. Wewe tafuta kituo cha afya cha mtaa wako, omba kusaidia kufagia na kubeba maji wakati wa likizo. Ukirudi nyumbani na bado unataka, basi unataka kweli. Na wakikuuliza kwa nini umechagua uuguzi, utakuwa na jibu lako, si jibu la kukariri.

La tatu, ukikosa nafasi mwaka huu, mwaka mmoja si maisha. Fanya kazi, fundisha, jifunze lugha, tunza mzazi wako vizuri, kisha omba tena. Wahenga walisema, kawia ufike.

Na ninyi munaocheka, subirini. Siku moja utalala kitandani usiku wa manane, mbali na daktari, na homa itapanda. Utasikia miguu inakuja polepole katika kolidori, na taa ndogo. Siku ile hutauliza kama huyu anayekuja alikosa nafasi ya Médecine. Utamshukuru Mungu kwamba amekuja.